Lord of the Rings ndefu: mali iko kwenye diski za nyuma

Nianze na namba za filamu tatu za Lord of the Rings maana ubishi mwingi wa kijiweni unaanzia hapo. Filamu ya kwanza, ile ya Fellowship, ilivyoingia majumba ya sinema 2001 ilikuwa dakika 178. Ile ndefu, wenyewe wanaiita ekstendedi, ikatoka kwenye DVD Novemba 2002 ikiwa na dakika 208. Ya pili ikatoka 179 ikaenda 223, ya tatu 201 ikaenda 251. Sasa ukifungua faili kwenye kompyuta ukakuta 3:48, 3:55 na 4:23 usije ukadhani kuna ndefu kushinda ndefu, zile dakika za juu ni majina ya wanachama wa klabu ya mashabiki, yamepangwa mwishoni yanapanda tu huku muziki unapiga, kwenye ile ya kwanza peke yake yanachukua kama dakika 20.

Alafu kuna ya PAL, ule mfumo wa TV wa Uingereza na Ulaya. Filamu imepigwa picha 24 kwa sekunde, diski ya PAL inacheza 25, kwa hiyo kila kitu kinaenda haraka kwa asilimia 4 na ile ya 208 inageuka kuwa kama 200 bila hata sekunde moja kukatwa. Nimeshuhudia watu wazima wanarushiana maneno hapa Ngamiani, Tanga, mmoja ana diski ya Marekani mwingine ya Uingereza, kila mtu anamwambia mwenzie yako imekatwa, na wote wana kitu kilekile.

Ila urefu wenyewe sio hoja kabisa. Mi kazi yangu ni kuediti, harusi, kaswida, matangazo ya maduka, na jicho la muediti ndo linaniambia hizi filamu ndefu watu wanazielewa vibaya. Wanadhani mtu kachukua ile ya sinema kabandika vipande vilivyobaki. Sivyo. Vipande vilivyobaki vya filamu zingine tunavijua, unavikuta kwenye bonasi vikiwa vibichi, kitambaa cha kijani bado kinaonekana nyuma ya muigizaji, sauti ya upepo kwenye maiki. Hapa kazi ilirudi mezani ikakatwa upya, Howard Shore akatunga muziki wa zile sehemu mpya, efekti za kompyuta zikamaliziwa, sauti ikamiksiwa tena. Anayefanya kazi ya harusi Tanga atanielewa: kuna ile ya dakika kumi ya kurushiana kwenye simu na kuna ile ya masaa manne ya mama mzazi wa bibi harusi, na ukitaka kuharibu zote mbili chukua ile fupi umchomeke shangazi katikati.

Na Peter Jackson, muongozaji mwenyewe, haziiti hizi ndefu kuwa ndo filamu zake halisi. Kwake zile za sinema ndo zenyewe, hizi ni za shabiki aliyekaa kwake, anaweza kusimamisha akaenda kuswali akarudi akaendelea. Ndo maana nasema usiulize ipi bora, uliza kila kipande kilichorudishwa kimefanya nini kwa jirani zake, maana kipande hakikai peke yake.

Mfano wangu mkubwa ni Faramir kwenye ya pili, mtoto mdogo wa mtawala wa Gondor. Kwenye toleo la sinema huyu jamaa anaudhi. Anawakamata Frodo na Sam, wale hobiti (watu wafupi), anajua wamebeba ile pete ya uchawi inayogombewa na kila mtu, anawaburuza mpaka mji wa Osgiliath, halafu ghafla anawaachia. Waliosoma kitabu walilalamika sana, maana kule Faramir anaikataa pete mapema na heshima yake inabaki. Sasa kwenye ndefu wamerudisha kumbukumbu moja, kaka yake Boromir (Sean Bean) kaikomboa Osgiliath, watu wanashangilia, ndugu wawili wanakumbatiana wanafungua pombe, na hapohapo anaingia baba yao Denethor. Angalia uso wa David Wenham, muigizaji wa Faramir, pale baba anapoingia. Anaanza kutabasamu, alafu tabasamu linakosa pa kwenda kwasababu mzee keshampita anamuendea mkubwa, anamsifu mkubwa, na mdogo anaambulia dongo mbele za watu. Kisha mzee anamtuma Boromir akailete ile pete, Faramir anajitolea aende yeye, anakataliwa kwa dharau.

Ni dakika chache tu ila baada ya hapo kila kitu kinasomeka. Faramir haitaki pete, anataka baba amuone. Na kinachofuata ndo utamu wa kuediti: kipande hicho kimewekwa kwenye filamu ya pili lakini kinafanya kazi mpaka ya tatu, pale Denethor anapomtuma mwanae huyo akafe huku yeye anakula nyanya. Bila ile kumbukumbu unamuona mzee kichaa tu. Ukiwa nayo unaona familia, na hakuna mtu hapa mjini asiyeijua familia ya namna hiyo.

Haya, upande wa pili. Filamu ya tatu ndefu kuna kipande wamekirudisha mi ningekiacha sakafuni. Kwenye toleo la sinema Aragorn, mrithi wa ufalme, anaingia pangoni kwa jeshi la wafu, anawaomba wampiganie, anawauliza mnasemaje, na tunaondoka bila jibu. Baadaye mji unakaribia kuanguka, meli za maharamia zinatia nanga, maadui wanafurahi wamepata msaada, na anayeruka kutoka melini ni Aragorn na jeshi la wafu nyuma yake. Ukumbi mzima unaamka. Kwenye ndefu tunaambiwa kila kitu mapema, wafu wanakubali, tena kuna na tukio zima la Aragorn kuwasimamisha maharamia (Jackson mwenyewe kajiweka humo kama haramia anachomwa mshale). Ukifika pale bandarini unajua tayari nani yuko ndani ya meli. Umenunua dakika chache za haramia, umelipia na mshtuko bora kabisa wa filamu. Kile cha mchawi Gandalf kuvunjiwa fimbo na yule mkuu wa Nazgul (wapanda farasi weusi wa adui) nacho sikipendi ila hapo ni ubishi wa mashabiki siingii.

Cha Saruman (Christopher Lee), mchawi aliyegeuka adui, lakini kilistahili kurudi. Ilivyotoka sinema 2003 mchawi mkuu wa filamu mbili hakuonekana kabisa kwenye ya tatu, kafungiwa mnarani basi, na Christopher Lee aliumia, haikuwa siri. Kwenye ndefu yupo juu ya mnara anabishana, mtumishi wake Grima anamchoma kisu mgongoni, anaanguka. Na sasa ndo tunafika kwenye diski za nyuma, kwasababu stori ya kisu hicho haipo kwenye filamu, ipo kwenye bonasi: Jackson anajaribu kumuelekeza mzee apige kelele vipi, na Lee, aliyetumikia jeshi la anga la Uingereza vita vya pili vya dunia, anamuuliza kama anajua mtu akichomwa mgongoni anatoa sauti gani, maana yeye anajua. Hapigi kelele, pumzi ndo inatoka. Angalia tena kile kipande ukiwa unajua hilo.

Kila boksi la zamani lina diski nne. Mbili za filamu, maana DVD yenye tabaka mbili inabeba giga 8.5 tu na filamu ndefu na sauti ya DTS (ya spika nyingi) na sauti nne za watengenezaji wakielezea filamu haitoshi humo, ndo unalazimika kuinuka kubadilisha diski baada ya kile kikao cha Elrond, pale wanapoamua pete ifanyweje kwenye filamu ya kwanza. Diski mbili zinazobaki ndo zile wanaziita Appendices, alizisimamia Michael Pellerin, na mi nasema hizo ndo mali. Sio kila mtu ana nafasi ya kwenda TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, akafundishwa na walimu. Mi darasa langu la kwanza la maana lilikuwa diski ya nne ya boksi la kijani, la filamu ya kwanza.

Humo kuna kitu wamekifanya kwa kile kikao cha Elrond ambacho sijakiona kwingine. Wanakuonyesha vipande ghafi vya kamera vikicheza kwa pamoja kwenye skrini moja, na pembeni kile kilichotoka baada ya kukatwa. Watu wengi wamekaa duara, kila mtu kapigwa peke yake kwa wakati wake, na unamuona muediti kachukua jicho la huyu sekunde moja kabla yule hajamaliza sentensi. Anayesikiliza ndo anabeba tukio, sio anayeongea. Mpaka leo nikikata hotuba za sendofu sikai kwa msemaji muda wote, natafuta uso wa bibi harusi.

Kwenye ya pili kuna zoezi la sauti la vita ya ngome ya Helm's Deep. Sauti zimetenganishwa, efekti peke yake, muziki peke yake, sauti za eneo la kupigia picha peke yake, unachagua kwa rimoti. Sauti ya eneo peke yake inachekesha, mapanga ya plastiki yanagongana tako tako. Na lile jeshi la adui la Uruk-hai linalonguruma kabla ya vita unajua ni nani? Ni mashabiki wa kriketi. Walikwenda uwanjani Wellington siku New Zealand inacheza na Uingereza, Jackson kasimama katikati ya uwanja anawaongoza watu kama 25,000 wanakariri maneno ya lugha ya Mordor (nchi ya adui), wanajipiga vifua, wanakanyaga miguu. Fikiria Mkwakwani imejaa siku ya Coastal Union halafu mtu anakwambia lipige kelele jeshi la majini.

Zile deraya za vyuma nazo nyingi sio vyuma. Karakana ya Weta, waliotengeneza vifaa vya filamu, walichukua mabomba ya plastiki, aina ya haya ya maji, wakayakata pete nyembamba nyembamba wakaziunga moja moja kwa mkono, mamilioni ya pete, jamaa wawili wa kazi hiyo alama za vidole zilisagika.

Alafu maelezo ya sauti. Nne kwa kila filamu: Jackson na waandishi wenzie Fran Walsh na Philippa Boyens, wabunifu, watu wa uzalishaji na umaliziaji, na waigizaji. Ukitaka kuzisikiliza zote kwa filamu ya kwanza tu ni karibu masaa 14. Watu wanashangaa nani atakaa kusikiliza mtu anaongea juu ya filamu, nawaambia nyie mmelelewa vibanda umiza enzi za kina Lufufu, mtu anaongea juu ya filamu mwanzo mwisho na mnalipa kiingilio, leo mnashangaa nini. Anza na ya waandishi, wanakwambia kwanini kipande kilitoka na kwanini kimerudi. Ya waigizaji ni ya kucheka, wale wanne wa hobiti hawashikiki.

Sasa ubaya uko hapa. Tukiibana filamu iingie kwenye simu tunaacha vyote hivyo. Faili la mp4 la kawaida linabaki na sauti moja na picha moja, menyu hakuna, zile pembe za kamera hakuna, zoezi la sauti linakuwa kelele tu. Hata ukiwa na diski zako halali unataka kuzitunza, usizigeuze mp4, toa nakala kamili ya ISO (faili moja lenye kila kilichomo kwenye diski), programu ya VLC itakufungulia na menyu zake. Na wakubwa nao wameanza tabia hiyohiyo: boksi la Blu-ray la 2011 lilikuwa na diski 15, sita za filamu na tisa za DVD za bonasi, pamoja na zile filamu za nyuma ya pazia za Costa Botes (ingawa Fellowship ya boksi hilo ina ukijani kwenye picha ulioleta kelele nyingi). Likaja la 4K mwishoni mwa 2020, picha nzuri kuliko zote, rangi zimesafishwa, matoleo yote mawili yamo, na Appendices hakuna hata moja. Jipya kuliko la 2011 na ndo limebeba kidogo.

Kwa hiyo ukimuagiza mtu aliye Ulaya akubebee, usiseme niletee mpya. Sema DVD za diski nne nne, boksi la kijani, jekundu na la bluu, au ile Blu-ray ya 2011. DVD hufungiwa kwa rijini, yaani kanda za dunia: za Marekani ni rijini 1 na za Uingereza rijini 2, sisi Tanzania tumewekwa 5, lakini deki nyingi za Kichina zilizojaa madukani zinasoma zote, jaribu kabla hujalipa. Za Blu-ray Afrika na Ulaya tuko kundi moja, B, hapo za Uingereza hazisumbui.

Filamu tatu za Hobbit, za Jackson pia, nazo zina ndefu, dakika 169 kwenda 182, 161 kwenda 186, 144 kwenda 164. Bonasi zake ni nyingi na ni nzuri kuliko filamu zenyewe. Filamu zenyewe zilikuwa ndefu kabla hazijarefushwa.