Joto la Dar halichagui oili ya injini yako

Wenye IST, Vitz, Premio na Noah wananiuliza swali moja kuliko mengine yote: Dar es Salaam kuna joto, si bora niweke oili nzito? Wengi huja wakiwa wameshajibiwa na fundi mwingine, tena kwa nia njema kabisa: mimina 20W-50, au SAE 40 tupu (oili ya namba moja, isiyo na W), oili nyepesi ni ya Wajapani na baridi yao. Ushauri huu umeenea mno, na injini nyingi zinaumia kwa sababu yake.

Angalia namba zilizo kwenye galoni. Ile inayotangulia herufi W inahusu injini kuwaka kwenye baridi. Oili ya 5W hupimwa ikiwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Hata Kitulo mwezi Julai, sakitu ikiwa imetanda kwenye nyasi, hatufiki huko. Kwa hiyo ukinunua 5W-30 badala ya 10W-30 kwa sababu ya hiyo namba ya kwanza peke yake, hapa kwetu faida yake ni ndogo. Faida iliyopo mara nyingi ni kwamba 0W na 5W hutengenezwa kwa mafuta ya msingi yaliyo bora zaidi, yanayokawia kuchoka.

Namba ya pili ndiyo yenye uzito. Hiyo hupimwa oili ikiwa na nyuzi 100. Katika joto hilo, mnato wa oili ya 20, yaani uzito wake wa kutiririka, unaanzia sentistoki (kipimo cha mnato) 6.9 na hauvuki 9.3, ya 30 inaishia 12.5, ya 40 inaishia 16.3, na ya 50 inaishia 21.9. Waliotunga vipimo hivi wamechagua nyuzi 100 kwa sababu oili ya injini iliyokwisha kupata moto hufanya kazi karibu na hapo, iwe Kariakoo saa nane mchana au Lushoto alfajiri. Injini ina thamostati, vali inayozuia maji ya kupoza injini mpaka yapate moto. Kwenye injini ya Toyota ya 1NZ huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na kabla ya hapo maji hayapiti kwenye rejeta. Kazi yake ni kuifanya injini iishi kwenye joto lake lenyewe bila kujali nje kukoje. Foleni ya Ubungo inaongeza joto kidogo, ndiyo, lakini feni ipo kwa ajili hiyo.

Hapa lazima niseme jambo linalonikera. Fikra hiyohiyo ya "nchi yetu ina joto" ndiyo inayowafanya mafundi wang'oe thamostati na kuitupa. Injini ikikosa thamostati inachelewa kupata moto, na kwenye mwendo mrefu inaweza isiufikie kabisa. Oili inabaki nzito kuliko inavyotakiwa. Petroli na unyevu vinavyopenya kupita ringi za pistoni havigeuki mvuke vikatoka, vinakaa kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuigeuza oili kuwa tope. Nikifungua kifuniko cha tapeti nikakuta tope jeusi limeganda, swali langu la kwanza kwa mwenye gari ni kama thamostati ipo. Ikiwa haipo, hakuna namba ya oili itakayomsaidia.

Sasa fikiria asubuhi unapowasha. Ikiwa na nyuzi 40, 5W-30 ya kawaida ina mnato wa sentistoki 60 hivi. 20W-50 inaweza kuvuka 150. Na asubuhi ya Dar ni nyuzi 25, kwa hiyo zote mbili ni nzito kuliko hapo. Kumbe hata oili tunayoiita nyepesi inaanza kazi ikiwa nzito mara kadhaa kuliko injini inavyotaka. Ukiweka nzito zaidi, pampu inahangaika, presha inapanda, vali ya kupunguza presha inafunguka na sehemu ya oili inarudishwa bila kufika kwenye beringi na kamshafti. Anayepima presha anafurahi kuona imepanda, wakati kilichopungua ni oili inayofika juu. Kwenye injini za VVT-i, zenye mfumo wa kubadilisha wakati wa vali kufunguka, kuna jambo la ziada: mfumo huo huendeshwa na presha ya oili inayopita kwenye vali ndogo na njia nyembamba. Oili nzito inauchelewesha, gari linakuwa zito kuchanganya, na mafuta yanaliwa zaidi.

Je, ni kosa daima kupanda namba ya oili? Hapana. Vitabu vya Toyota vyenyewe husema oili yenye namba ya juu inaweza kufaa zaidi kwa gari linalokwenda kasi sana au kubeba mzigo mkubwa. Mwenye Noah inayojaa abiria na kupanda Kitonga mara kwa mara, ikiwa kitabu chake kinataja 0W-20 na kinaruhusu 5W-30, mimi humshauri 5W-30. Kuna kipimo kingine kinachofanywa kwenye nyuzi 150 kuangalia utando wa oili unavyostahimili msuguano mkali. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa oili ya 20 ni 2.6, kwa 30 ni 2.9, na 15W-40 ni 3.7. Lakini 20W-50 nayo ni 3.7 ileile! Anayekimbilia 50 akidhani ananunua kinga zaidi ya 15W-40 hajahakikishiwa hivyo.

Aqua na hybridi nyingine (gari za petroli na umeme) sizipandishi bila sababu nzito. Injini yake inazima na kuwaka njiani, mara nyingi kabla haijapata moto vizuri, na oili nyepesi ndiyo inayoifaa.

Injini iliyochoka, inayokula oili na kutoa moshi wa bluu, inaweza kupandishwa ngazi moja ili ivumilie mpaka pesa ya ringi ipatikane. Hilo ni la muda. Na ujue kwamba anayeuza gari hutumia mbinu hiyohiyo kuficha mlio. Ukienda kukagua, chomoa kijiti cha oili injini ikiwa baridi. Ikivutika kama asali, uliza kwa nini.

Usisahau herufi za API, yaani daraja la ubora wa oili. Bado naona galoni zenye SF madukani, na SF ilikuwa ya injini za mpaka mwaka 1988. IST ya 2004 inastahili SL au inayofuata. SN na SP zinapatikana. Kwa dizeli zenye chujio la moshi, kama CX-5 ya Mazda kutoka Japani, mnato peke yake hautoshi: tafuta galoni iliyoandikwa DL-1, daraja la Kijapani la oili yenye majivu machache. Oili ya dizeli ya kawaida inaacha majivu mengi, na majivu hayo hayaungui. Yanabaki ndani ya chujio mpaka lizibe, na chujio jipya ni ghali mno ukilinganisha na pesa uliyookoa kwenye oili.