Kabla ya a-e-i-o-u: mtoto wa awali anahitaji nini Januari

Kila ikifika Oktoba, uandikishaji ukianza, wazazi hunijia na swali lilelile: "Mwalimu, nimfundishe nini kabla hajaanza?" Wengi wameshanunua chati ya herufi, na mtoto ameshakaririshwa namba mpaka 20. Nafundisha darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali wilayani Magu, na jibu langu huwashangaza: herufi niachieni mimi. Ninyi mfundisheni kufungua kifungo cha kaptura.

Nasema hivyo kwa dhati kabisa. Mtoto anaanza awali akiwa na miaka 5, na ana mwaka mzima wa kukaa nami kabla ya darasa la kwanza. Kusoma, kuandika na kuhesabu vitakuja. Lakini saa nne asubuhi ya siku ya kwanza, akibanwa na mkojo, hakuna cha kusubiri.

Tatizo mara nyingi huanzia kwenye sare. Inanunuliwa kubwa ili avae hadi darasa la pili, na siwalaumu wazazi, hela ya sare haiokotwi. Kaptura inashikiliwa na mkanda mgumu ambao mtoto hajawahi kuufungua mwenyewe. Asubuhi amefungwa na mama. Anasimama mlangoni mwa choo akiuvuta huku na huku, mwisho anajikojolea, wenzake wanacheka. Kesho yake tumbo linamuuma na shule haitaki tena. Nyumbani wanadhani anaogopa masomo.

Kwa hiyo mpelekee fundi cherehani kaptura au sketi hiyo aweke mpira kiunoni na kukunja pindo, utalifumua akirefuka. Halafu mwache ajizoeze mwenyewe: kuvua, kuchuchumaa, kujisafisha, kuvaa, kunawa. Kama kwenu mnatumia choo cha kukaa, mpeleke kwa jirani mwenye choo cha shimo, maana lile tundu na lile giza vinamtisha mtoto asiyevizoea. Na kibuyu chirizi cha kunawia mikono kitengenezeni hapo uani kwa dumu, kamba na kijiti cha kukanyaga. Akija shuleni anakijua.

Jambo la pili ni mdomo wake. Huku kwetu watoto wengi huja wakiongea Kisukuma, na hilo si kosa hata kidogo. Endeleeni kuongea naye lugha yenu. Ila sentensi chache za Kiswahili zitamwokoa: "Mwalimu, naomba kwenda chooni." "Naumwa." "Kikombe changu kimepotea." Mfundishe pia jina lake la daftarini. Kuna mtoto nyumbani anaitwa Babu kwa kuwa amerithi jina la babu yake, basi mwalimu akiita jina la kwenye cheti cha kuzaliwa, yeye anageuka kuangalia ni nani huyo anayeitwa.

Kuhusu kuagana, tafadhali msitoroke. Mzazi akichomoka kimyakimya mtoto anapotazama pembeni, mtoto anajifunza kwamba akigeuza macho tu anaachwa, na kuanzia hapo hatakuachia kanga. Muage wazi, kwa ufupi, kisha ondoka hata kama analia. Usimwambie utarudi saa sita, saa haijui. Mwambie, "Mtakunywa uji, mtacheza, mtaimba, halafu nitakuja." Kisha uje kweli. Na usichungulie dirishani, akikuona kilio kinaanza upya.

Lingine linaloniumiza ni vitisho. "Ngoja uanze shule, mwalimu atakunyoosha!" Mtoto huyo anafika kwangu akitetemeka kabla sijafungua mdomo, na wiki zangu za mwanzo zinaishia kumthibitishia kwamba mimi si fimbo. Mwambieni mwalimu ndiye wa kumwendea akiumia.

Mkitaka sana kumwandaa kuandika, anzeni na vidole. Mpe karanga amenye, mahindi apukuchue na bibi, mchele achambue, udongo afinyange ng'ombe. Kazi hizo zinampa vidole nguvu na wepesi. Mtoto aliyepukuchua mahindi hushika penseli bila kuikaba, na mkono haumchoki upesi kama wa yule aliyelazimishwa kufuatisha herufi tangu ana miaka 3.

Mchunguzeni na masikio. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka mara kwa mara, au sikio likitoa usaha, nendeni zahanati mapema, maana darasani mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi tu.

Mkija kuandikisha, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, mleteni na mtoto mwenyewe. Tutamwonyesha darasa, bomba na choo, achezecheze uwanjani kidogo na kaka au dada zake wanaosoma hapa. Na kuanzia Krismasi mlazeni saa mbili usiku, aizoee asubuhi ya shule kabla haijafika.