Maana ya kujikinga kwa Mungu na watu wabaya

Hapa Goma, watu wakiagana jioni huambiana: "Mungu atuchunge." Neno ni fupi, na mara nyingi mtu hulitamka akiwa ameshageuka kwenda zake, lakini ndani yake mna dua nzima: Mungu atuepushe na anayetaka kutudhuru usiku huu. Dua ya namna hiyo ndiyo inayoitwa kujikinga kwa Mungu.

Kitenzi chenyewe ni kukinga, nasi tunakijua kwa mikono yetu. Mji umekaa juu ya mawe ya volkeno, maji ya mvua hupotelea humo, kwa hiyo wingu likishuka kila nyumba hukimbiza mabeseni na mabidoni chini ya mabati kukinga maji. Neno hilohilo lina pande mbili: unajikinga na mvua usilowe, tena unakinga maji uyapate. Anayejikinga kwa Mungu anafanya yote mawili. Anaomba ubaya usimfikie, na papo hapo anategesha moyo wake upokee kitu: utulivu, akili ya kujua la kufanya, hata usingizi. Naona upande huu wa pili tunausahau mno.

Mtu hujikinga na anachokiogopa, lakini hujikinga kwa yule anayemsitiri. Sura ya Al-Falaq, ya 113 katika Kurani, yenye aya 5 tu, imejengwa hivyo: mwombaji anajikinga kwa Mola wa mapambazuko na shari ya viumbe, ya giza linapoingia, na mwishoni kabisa ya hasidi anapohusudu. Waislamu wengi huisoma kabla ya kulala. Wakristo wengi hushika Zaburi ya 91, na ile ya 140 humtaja waziwazi mtu wa jeuri.

Kujikinga si kulaani, ingawa watu huchanganya. Zaburi ya 109 ina maneno makali sana juu ya adui, na aliyechomewa nyumba ana haki ya kulia mbele za Mungu kwa maneno aliyonayo. Ila anayeomba fulani afe ameomba jambo jingine. Kinga hukaa kati yako na mkatili. Laana humfuata mkatili hadi kwake.

Wala si kukaa ukingoja. Juu ya Zaburi ya 59 imeandikwa kwamba ni ya wakati mfalme Sauli alipotuma watu waivizie nyumba ya Daudi ili wamuue. Kisa chenyewe kimo katika Samweli wa Kwanza, sura ya 19: Mikali, mke wa Daudi, alimteremsha mumewe dirishani usiku, naye Daudi akakimbia. Dua ipo, na dirisha lipo. Ndiyo maana moyo huniuma nikisikia mama anayepigwa nyumbani akiambiwa arudi kwa mumewe, aombe tu. Anayemwambia hivyo amemfungia dirisha.

Jirani yangu wa hapa mtaani Ndosho, tangu vita viingie mjini Januari 2025, husali na watoto kila usiku, akiwataja wenye silaha na wezi bila kuficha. Yule mdogo hujibu "Amina" kabla sala haijaisha. Kisha mama husukuma benchi mpaka mlangoni, hutikisa kufuli mara mbili, ndipo anazima taa.