Madini ya risasi huingia nyumbani kwa milango gani?

Wanaojua kwamba kazi yangu ni kupima metali kwenye vyakula na udongo huniuliza mambo yaleyale: maji ya chupa yaliyoachwa juani, rangi ya soda, viungo vya pakiti. Sijawahi kuulizwa kuhusu wanja. Wala kuhusu sufuria. Ila ningeambiwa nitaje kemikali moja tu ya kuiogopa katika nyumba yenye watoto wadogo, ningetaja risasi bila kusita, na hapa kwetu mara nyingi tunaikaribisha wenyewe.

Wengine hudhani habari ya risasi iliisha na petroli. Kweli, kusini mwa Sahara petroli yenye risasi iliondolewa kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, ikaacha kuiuza 2021. Hewa ya mijini ilipata nafuu kubwa. Lakini risasi ni metali: haiozi wala haiungui ikaisha. Ukichemsha maji yenye vijidudu, vijidudu hufa. Ukichemsha maji yenye risasi, maji hupungua na risasi hubaki palepale. Ndiyo maana napenda kuongelea milango inayoingilia kuliko dawa ya kuitoa.

Ikishaingia, mwili huichukulia kama kalsiamu. Huipeleka kwenye mifupa na kuitunza humo kwa miaka na miaka. Mwanamke aliyeila utotoni anaweza kumpa mwanawe tumboni, kwa sababu wakati wa mimba mifupa hutoa kalsiamu, na risasi hufuatana nayo. Mtu mzima anayemeza risasi hufyonza takribani sehemu moja ya kumi. Mtoto mdogo hufyonza karibu nusu, tena ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Uharibifu wenyewe hauonekani kwa macho: mtoto anakuwa mzito kujifunza, hatulii, damu inapungua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Dalili zikijitokeza, kama tumbo kusokota, kukosa choo, uchovu au kukosa hamu ya kula, nani atafikiria risasi? Atapimwa malaria, kisha taifodi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wa Phyllis Omido, mama wa Mombasa aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kando ya kijiji cha Owino Uhuru. Vipimo vya magonjwa ya kawaida havikuonyesha kitu, hadi damu ilipopimwa risasi. Mapambano yake yalimpatia Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ile inajulikana. Mimi nataka kuzungumzia milango midogo isiyofika mahakamani.

Nianze na wanja, kwa sababu ndio unaoniletea ubishi mwingi. Wanja wa masizi, ule wa kuchoma utambi na mafuta, ni kaboni tu. Sina ugomvi nao mkubwa zaidi ya usafi. Ninaouogopa ni ule wa jiwe, unaometameta kidogo ukiusaga, ambao wengi huuita wanja wa manga. Mara nyingi jiwe hilo ni galena, yaani madini yenyewe ambayo risasi huchimbwa kutoka humo. Baadhi ya wanja za namna hii zilizopimwa zimekutwa risasi ikiwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Kichanga anapakwa machoni na kwenye nyusi, anajifuta, ananyonya vidole. Hapo basi kaimeza. Desturi hii ipo pwani yetu, ipo Oman, ipo India na Pakistani, na jamaa zetu walio Marekani na Uingereza hutumiwa vichupa kwenye mizigo ya wasafiri.

Bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, sisi sote tulipakwa na tumekua." Nikamjibu, "Ni kweli, bibi, mmekua." Ningeongeza nini? Risasi haizuii mtu kukua. Kinachopungua ni kile ambacho hakuna wa kukilinganisha nacho, maana mtoto hana pacha wake ambaye hakupakwa. Tulikubaliana wajukuu wapakwe wa masizi.

Sufuria sasa. Zile nyepesi za bati la aluminiamu zinazotoka kiwandani sizisemi sana. Nasema zile nzito za kusubu, zinazomiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Fundi huyeyusha chochote alichookota: vipande vya injini, rejeta, makopo, mabaki ya nyaya, pamoja na risasi iliyotumika kuziunganisha. Hana kipimo cha kumwambia kilichomo, kwa hiyo simlaumu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya vyombo vya aluminiamu kutoka nchi kumi, zikiwemo Kenya na Tanzania, na karibu theluthi ya vyombo hivyo vilitoa risasi ya kutia wasiwasi kwenye kimiminika chenye asidi kidogo, mfano wa chakula. Kwa macho huwezi kutofautisha sufuria mbaya na nzuri. Hata mimi siwezi.

Unachoweza kuchagua ni unachopikia humo. Asidi na muda mrefu wa moto ndivyo vinavyoitoa risasi. Nyanya, ndimu, ukwaju, mtindi, maembe mabichi: vyote hivyo vipikwe kwenye sufuria ya stili au chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa. Mchuzi uliobaki usilale kwenye sufuria ya kusubu hadi asubuhi. Na ule utando mweusi unaojijenga ndani usiusugue kwa mchanga kila siku ili sufuria ing'ae wageni waione, kwani ukiukwangua unaifungulia metali njia mpya. Kama uwezo wa kununua nyingine haupo leo, ya kusubu ibaki ya kuchemshia maji ya kuoga.

Rangi za ukutani nitazipitia haraka. Tatizo liko zaidi kwenye rangi za mafuta, hasa njano, nyekundu na kijani zilizokolea, zinazopakwa kwenye milango, madirisha na bembea za shule. Viwango vya Kenya na Tanzania sasa haviruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi kwa milioni, lakini mlango uliopakwa zamani haujui habari za viwango. Ukitaka kuupaka upya, usiusugue kwa msasa mkavu watoto wakiwa ndani. Ulowanishe kwanza, kisha okota mabaki yote.

Pemba, ule udongo wa vijiti wanaoutafuna wajawazito, ni mgumu kuusema kwa sababu hamu yake ni ya kweli, na mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Udongo huo uliochukuliwa masokoni katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, Geita, ulikutwa na aseniki, risasi na metali nyingine. Kumkemea mjamzito hakusaidii. Akapimwe damu, na ameze vidonge vya FEFO, yaani vya chuma na asidi ya foliki, anavyopewa kliniki badala ya kuvirundika kabatini. Wengi hamu hiyo huwapungua damu ikirudi.

Halafu kuna chubwi, vile vizito vya kuzamishia mshipi au wavu. Mvuvi anayezisubu mwenyewe kwa risasi ya betri kuukuu kwenye jiko la familia anafukizia moshi wake chungu cha ubwabwa. Kazi hiyo ifanyike mbali na nyumba, na sufuria yake isirudi jikoni. Fundi betri naye avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto, na zifuliwe peke yake. Ndani ya nyumba ya namna hiyo, sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi. Fagio kavu linalipandisha vumbi hewani tu.

Chakula nacho kina kazi yake. Tumbo tupu hufyonza risasi zaidi, na mtoto mwenye upungufu wa chuma au kalsiamu huifyonza zaidi ya mwenzake aliyeshiba. Uji wa asubuhi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage, matembele na maziwa havitoi risasi iliyokwishaingia mifupani, ila hupunguza inayoingia leo. Vinywaji na vidonge vinavyouzwa mitandaoni kwa jina la kusafisha sumu achana navyo. Dawa za kuitoa risasi zipo kweli, lakini hutolewa hospitali kwa waliozidiwa, chini ya uangalizi.

Ukiwa na wasiwasi na mtoto, mwombe daktari kipimo cha risasi kwenye damu na umweleze sababu: wanja, kazi ya baba, udongo anaokula. Marekani, kwa mfano, hufuatilia mtoto anapofikisha mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu. Kipimo kikiwa cha kutoboa kidole, mtoto anawe mikono vizuri kwa sabuni kwanza, kwa sababu vumbi lililo kwenye ngozi litahesabiwa kana kwamba limo kwenye damu. Na jibu likiwa la juu, lirudiwe kwa damu ya mshipa kabla hamjaanza kuhangaika.