Ada ya jina la kikoa: tunalipia nini hasa?

Kila msimu wa kulipia majina ya kikoa (anwani za tovuti, kama zile zinazoishia na .com) unapofika, wenye tovuti huuliza swali moja: tovuti nilishatengenezewa, jina nilishalilipia, sasa hii hela ni ya nini tena? Swali ni la haki. Anayelipa haoni mzigo wowote ukishushwa mlangoni, na mara nyingi aliyemtengenezea tovuti hakumweleza kwamba malipo hayo hurudi kila mwaka. Wengine wanaamua kutolipa, kisha baada ya wiki kadhaa wanashangaa wateja wanalalamika kuwa barua pepe za ofisi hazifiki.

Mjadala huu uliwahi kuwaka Marekani miaka 30 iliyopita, ukaingia mahakamani na kufika hadi bungeni. Bei tunazolipa leo kwa jina la .com, uwe Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, zimetokana na yaliyoamuliwa kule, kwa hiyo inafaa kuujua.

Kwanza jina lenyewe. Kompyuta kwenye intaneti hazitafutani kwa majina, zinatafutana kwa namba. Ukiandika jina la tovuti kwenye simu yako, kuna seva zinazoulizwa namba ya jina hilo ni ipi, na jibu hurudi kabla hujapepesa macho. Seva yenye jibu hilo inajulikana kupitia daftari kuu la kikoa husika, yaani la ule mwisho wa jina. Kila jina linaloishia na .com limeandikwa kwenye daftari moja, .ke lina lake, .tz lina lake. Mtunza daftari anatakiwa kuhakikisha hakuna jina lililoandikwa mara mbili, seva zake zinajibu usiku na mchana, na mwenye jina hanyang'anywi na mwizi. Ukilipia jina unapata haki ya kubaki kwenye daftari hilo kwa muda uliolipia, na muda ukiisha haki inaisha. Ni kama kodi ya ardhi kwa mwenye hati ya kiwanja: una haki zako zote, ila wajibu wa kila mwaka upo.

Jina la kwanza la .com, symbolics.com, liliandikwa tarehe 15 Machi 1985, na mwenyewe hakulipa hata senti. Kwa miaka kumi mambo yalikwenda hivyo. Watumiaji walikuwa vyuo vikuu, maabara na kampuni chache za kompyuta, na gharama ilibebwa na serikali ya Marekani. Kuanzia 1993 kazi ya usajili ilifanywa na kampuni ya Network Solutions ya jimbo la Virginia, chini ya mkataba na Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, NSF.

Kisha biashara ikagundua intaneti. Maombi yaliyokuwa yakihesabika kwa mamia kwa mwezi yakawa maelfu. Kwa kuwa jina lilikuwa bure, hakuna kilichomzuia mtu kujizolea. Mwaka 1995 Procter & Gamble, watengenezaji wa sabuni na dawa za meno, walijisajilia majina kwa dazeni, yakiwemo ya kuhara, mba na kwapa, diarrhea.com likiwa mojawapo. Watu binafsi nao waliwahi majina ya kampuni kubwa wakisubiri kuwauzia wenyewe. Gharama za kushughulikia haya yote zilikuwa zinatoka kwenye fedha za umma zilizotengwa kwa ajili ya sayansi.

Septemba 1995 NSF ikaruhusu Network Solutions itoze ada: dola 100 kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha dola 50 kila mwaka. Hata waliosajili zamani walitakiwa kulipa. Kelele zikapigwa kila upande. Wapo waliosema intaneti ilijengwa kwa kodi za wananchi, hivyo kumtoza mwananchi ni kumkamua mara mbili. Wapo waliokubali ada ila wakakasirishwa na namna ilivyokuja, maana uamuzi ulifanywa kati ya taasisi moja na kampuni moja, watumiaji wakaambiwa mambo yakiwa tayari. Hoja iliyouma zaidi ilikuwa ya ukiritimba: mwenye daftari ni mmoja, bei ni moja, na ukikataa huna pa kwenda. Mapema mwaka huohuo Network Solutions ilikuwa imenunuliwa na SAIC, kampuni kubwa yenye kandarasi nyingi za jeshi la Marekani, na hilo liliongeza shaka.

Kwa maoni yangu, jambo la kujifunza zaidi limo kwenye mgawanyo wa ada ile. Asilimia 70 ilikwenda Network Solutions kwa kazi ya usajili. Asilimia 30 iliwekwa kwenye mfuko wa kuendeleza miundombinu ya intaneti. Lengo lilikuwa zuri kwa maneno. Lakini wenye majina, wakiongozwa na William Thomas, wakaenda mahakamani mjini Washington wakisema hiyo asilimia 30 haihusiani na huduma waliyopewa. Aprili 1998 Jaji Thomas Hogan aliwakubalia: fedha inayozidi gharama ya huduma, ikikusanywa kwa niaba ya serikali kwa matumizi mengine, ni kodi, na kodi haiwi halali bila bunge kuidhinisha. Congress, bunge la Marekani, ikatunga sheria haraka ikaihalalisha kodi ile kwa kurudi nyuma, na mahakama ya rufaa ikaikubali sheria hiyo mwaka uliofuata. Walalamikaji hawakurudishiwa fedha zao. Hata hivyo makato ya asilimia 30 yalikuwa yameshasitishwa tangu tarehe 1 Aprili 1998, na ada ikashuka hadi dola 70 kwa miaka miwili.

Mimi ni mtetezi wa ada, na ninauona uamuzi wa Jaji Hogan kuwa ndio kipimo sahihi cha ada yoyote ya usajili, hata huku kwetu. Mlipaji ana haki ya kujua fedha inafanya kazi gani. Mtunza daftari akitaka kufadhili mafunzo ya vijana, mikutano au kampeni kwa ada za majina, aseme wazi, kiasi kijulikane na wanaolipa waulizwe. Ukimya kwenye hesabu ndio unaozaa ule wimbo wa "hawa ni wezi tu", hata pale ambapo bei ni ya haki kabisa.

Baada ya kesi ile mfumo ulibadilika. ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti duniani, iliundwa mwishoni mwa 1998, na mwaka 1999 kazi ya kuuza usajili ikatenganishwa na ya kutunza daftari. Mtunza daftari wa .com akabaki mmoja, ambaye leo ni Verisign, lakini wasajili, yaani kampuni zinazowauzia wateja usajili, wakawa wengi wakashindana. Bei ya jumla ya .com, ile ambayo msajili humlipa mtunza daftari, ikawa dola 6 kwa mwaka, kutoka ada ya rejareja ya dola 35. Tangu wakati huo imepanda polepole: dola 7.85, kisha 8.39 mwaka 2021, hadi 10.26 mnamo Septemba 2024. Upandaji huu sioni kama umeelezwa vya kutosha, kwa sababu teknolojia ya seva imekuwa nafuu siku zote hizo. Na kwa kuwa bei ni ya dola, shilingi ikiyumba mwenye duka la Kariakoo anaihisi kabla ya mwenzake wa Chicago.

Wapo wanaosema dawa ni kufanya majina yawe bure. Hilo limejaribiwa, tena Afrika. Kampuni ya Freenom ya Uholanzi ilipewa uendeshaji wa vikoa vya Mali (.ml), Gabon (.ga), Jamhuri ya Afrika ya Kati (.cf) na Guinea ya Ikweta (.gq), pamoja na .tk cha visiwa vya Tokelau, ikagawa majina bila malipo. Matapeli walifurahi kuliko wote. Jina likifungiwa leo, kesho wanachukua jingine, hawapotezi kitu. Vikoa hivyo vikawa maficho ya tovuti za kuiba nywila za benki, na wajasiriamali waaminifu wa Bamako na Libreville wakaonekana wachafu kwa sababu ya herufi mbili za nchi yao. Mwaka 2023 kampuni ya Meta iliishtaki Freenom, usajili mpya ukasimama, na Gabon ikakichukua kikoa chake na kufuta mamilioni ya majina. Hakuna mwananchi wa Gabon aliyenufaika na ule "ubure".

Hata kwenye .com yenyewe palikuwa na tundu. Msajili aliruhusiwa kurudisha jina ndani ya siku 5 na kurejeshewa fedha zote. Kampuni fulani zikawa zinachukua majina kwa mamilioni, zinapima yapi yanaleta mapato ya matangazo, na kurudisha mengine yote siku ya tano. ICANN ilipoanza kutoza kwa marejesho yaliyopita kiasi, mchezo huo ulipungua kwa asilimia 99.7 kati ya Juni 2008 na Aprili 2009. Mwanzoni hata senti 20 za dola zisizorudishwa zilitosha kuwatisha wengi wao.

Kwa anayelipa kuna mambo ya kuangalia leo hii. Jina la .com lisipolipiwa, msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45, likifuatiwa na siku 30 za kulikomboa kwa faini inayoweza kuzidi ada yenyewe mara kadhaa, halafu siku 5 za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo ni la atakayewahi, na wapo wanaoishi kwa kuwahi. Vikoa vya nchi vina muda wao, muulize msajili wako.

Kubwa kuliko yote ni jina limeandikwa kwa nani. Mara nyingi fundi wa tovuti hulisajili kwa akaunti yake na barua pepe yake, mteja anabaki na risiti tu. Fundi akihama, akikosana na mteja au akifariki, daftari linamtambua yeye. Mwombe akuonyeshe ukurasa wa usajili, siyo tovuti. Hakikisha jina la mmiliki ni lako au la kampuni yako, na taarifa za kuisha muda zinakuja kwenye barua pepe unayoifungua mwenyewe. Barua pepe hiyo isiwe chini ya jina hilohilo, kwa sababu jina likizimika, na ujumbe wa kukuonya hautafika.