Saini ya Nora na Tamthilia Mpya ya Ulaya

Watu wengi wanaikumbuka tamthilia ya Henrik Ibsen, mwandishi wa Norwei, iitwayo Nyumba ya Mwanasesere, kwa ule mlango anaoubamiza Nora akiondoka kwa mumewe. Wanafunzi wangu huwa nawaanzishia kwenye karatasi ya deni.

Nora alikopa kwa siri ili mumewe aliyekuwa mgonjwa apelekwe Italia kupona. Enzi hizo mke hakuruhusiwa kukopa bila ridhaa ya mume, kwa hiyo akaghushi saini ya baba yake kama mdhamini. Tarehe ndiyo iliyomuumbua: saini ni ya Oktoba 2, na mzee alifariki Septemba 29. Mdai akaligundua hilo, akaanza kumtishia.

Watazamaji wa Copenhagen walioiona mara ya kwanza, Desemba 21, 1879, hawakuonyeshwa mfalme wala vita. Waliona sebule kama zao, na watu wanaozungumza lugha ya kila siku. Ndiyo maana iliwachoma. Na kisa chenyewe kilikuwa na mizizi: Laura Kieler, mwandishi aliyefahamiana na Ibsen, alikopa kwa siri kumtibu mumewe, na siri ilipofichuka mume akampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Norwei ilikuja kumtambua mke kuwa mtu mzima kisheria mwaka 1888.

Ujerumani, mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe alikataa katakata kuigiza mwisho ule, akisema yeye asingewaacha watoto wake. Hakimiliki haikumlinda Ibsen huko, hivyo akaandika mwenyewe mwisho ambamo Nora anabaki, asije mwingine akaivuruga kazi yake. Aliuita unyama dhidi ya tamthilia, na mimi naafikiana naye.

Tamthilia yake iliyofuata, Mizimu, ya mwaka 1881, iligusa ugonjwa wa zinaa ndani ya familia yenye heshima. Kumbi kubwa za Skandinavia ziliikataa. Ilionyeshwa kwanza Chicago, 1882. Njia ikapatikana kupitia vikundi vilivyoonyesha tamthilia kwa wanachama wao tu. André Antoine, karani wa kampuni ya gesi mjini Paris, alianzisha kikundi cha namna hiyo, Théâtre Libre, mwaka 1887. London, mwaka 1891, mhakiki wa tamthilia J. T. Grein aliionyesha Mizimu kwa wanachama tu, kwa kuwa onyesho la faragha halikuhitaji kibali cha afisa wa ikulu aliyekagua tamthilia. Kibali hicho kiliendelea kudaiwa Uingereza hadi 1968.