Akina Joinville: rehani iliyogharamia safari ya msalaba

Joinville ilikuwa ngome ya kilimani kando ya mto Marne, jimboni Champagne, Ufaransa. Makabaila wake walirithishana cheo cha msimamizi mkuu wa nyumba ya mtawala wa jimbo hilo, na pia walirithishana vita vya msalaba, yaani safari za Wakristo wa Ulaya kupigana na Waislamu Mashariki ya Kati. Geoffroy wa Nne alifariki mwaka 1190 wakati mji wa Akka, pwani ya Palestina, umezingirwa. Mwanawe, Geoffroy wa Tano, alifia Siria, katika ngome ya Krak des Chevaliers. Simon, mdogo wa huyo, alikuwa Dimyati, Misri, mwaka 1219. Kwa hiyo Jean mwana wa Simon, alipojiunga na safari ya msalaba ya mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa mwaka 1248, alikuwa akikanyaga nyayo za babu, baba na baba mkubwa.

Wanaodhani makabaila hawa walikwenda kujitajirisha wazitazame hesabu za Jean, alizozisimulia mwenyewe uzeeni, zikaandikwa hadi mwaka 1309. Ardhi yake haikumwingizia hata livre 1,000 (fedha ya Ufaransa ya wakati huo) kwa mwaka, maana mama yake alikuwa hai na sehemu kubwa ya mali ilikuwa mikononi mwake. Wiki ya Pasaka aliwaita watu wake akawaambia: niliyemdhulumu aje adai. Wakati wanajadili madai alitoka nje asiwashawishi, kisha akalipa walichoamua bila kubisha. Halafu akaenda Metz kuweka mashamba rehani.

Alichukua askari tisa wa farasi, wawili kati yao wenye bendera zao wenyewe, yaani wakuu wa vikosi vyao. Meli aliikodi pamoja na binamu yake, wakapakia Marseille mwezi Agosti. Farasi waliingizwa kupitia mlango wa ubavuni, kisha mlango ukafungwa na kukalafatiwa vizuri kama pipa, kwa kuwa meli ikiwa baharini mlango ule huwa chini ya maji.

Alipofika Kupro na kumaliza kulipia meli, alibakiwa na livre 240. Baadhi ya askari wake wakamwambia wazi: usipopata fedha, tunakuacha. Mfalme akamwajiri kwa livre 800, na tangu hapo kabaila huyu akawa mtu wa mshahara.

Mwaka 1250 alitekwa Misri, na alipofika Akka hakuwa na kitu. Alidai livre 2,000 hadi Pasaka: 400 kwa kila mmoja wa askari watatu wenye bendera, 800 zake za kununulia farasi na silaha na kulisha watu. Mfalme alipiga hesabu kwa vidole, akakubali.

Alirudi nyumbani mwaka 1254 na ngao ya baba yake mkubwa kutoka Krak. Louis alipovaa msalaba tena mwaka 1267, yaani alipoapa kwenda safari nyingine, Jean alikataa katakata. Alisema alipokuwa ng'ambo, maofisa wa mfalme waliwafukarisha watu wake, na akiondoka tena ndio watakaoumia.